Muuzaji Amekufa, Walionunua Je?

Televisheni ya kinyozi wangu imefungwa juu ya kioo, kwa hiyo ukiwa kwenye kiti huioni vizuri mpaka uinue shingo, na kinyozi hataki uinue shingo. Anayefaidi ni aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu. Jumamosi ile kwenye benchi alikuwepo fundi seremala wa mtaani kwetu, mtu mzima, mpole, ambaye mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili. Vingine vilikwenda na mashine ya kupasulia mbao, zamani kidogo.

Sinema ilikuwa Iron Man 3, ile ya 2013, imetafsiriwa, DJ anapasua koo juu ya milio ya risasi. Ikafika pale Tony Stark, tajiri anayejitengenezea deraya ya chuma na kuivaa kama Iron Man, anapofungua mikanda ya siri ya adui yake, Aldrich Killian. Wanajeshi waliorudi vitani na viungo pungufu wanachomwa Extremis, dawa ya kuotesha upya viungo. Mwanamke aliyekatika mkono, mkono unaota upya, unawaka kwa ndani. Muda si mrefu mwenzake mmoja anazidiwa na ule moto na kulipuka.

Fundi akasema, bila kupandisha sauti:

"Mimi ile ningechomwa leo leo."

"Fundi, si umeona mwenzao kalipuka?" kinyozi akauliza.

"Nimeona. Na mkono wa yule dada, umeuona?"

Kijana mmoja mlangoni akacheka. Fundi hakucheka. Aliendelea kutazama juu, na mimi nikaendelea kunyolewa, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Wiki kadhaa sasa sentensi ile haijaniacha.

## Wateja wa Killian

Wengi mnaopita hapa mnaijua sinema hii, wengine mmeirudia, kwa hiyo sitaisimulia. Naomba tu mtazame upya watu ambao Killian anawafuata. Tumezoea kumtazama yeye, suti yake, nywele zake, pumzi ya moto. Tuwatazame wateja.

Ellen Brandt, mwanajeshi, amepoteza mkono. Chad Davis, mwanajeshi, kijana wa mji mdogo wa Rose Hill, Tennessee. Jack Taggart, anayekabidhiwa mzigo wake wa dawa na Eric Savin, mtu wa Killian, nje ya ukumbi wa Chinese Theatre kule Hollywood, na dakika chache baadaye ndiye anayelipuka na kumwacha Happy Hogan, mkuu wa ulinzi wa kampuni ya Tony, mahututi. Kisha yupo Makamu wa Rais wa Marekani, Rodriguez. Huyu sinema inampa nafasi ndogo mno, ukienda kununua karanga unamkosa. Tunamwona nyumbani kwake amekwisha kumsaliti Rais wake, na kamera inashuka kumwonyesha binti yake mdogo. Mtoto ana mguu mmoja.

Hakuna maelezo yanayofuata. Hayahitajiki.

Na yupo Trevor Slattery, mwigizaji aliyechoka, aliyebebeshwa sura ya gaidi Mandarin. Anapobanwa aeleze ilikuwaje, anakiri kwamba alikuwa na tatizo la dawa za kulevya, na watu wa Killian walilijua. Tony anadhani walimwahidi kumtoa huko. Hapana. Walimwahidi kumwongezea.

Watu hupenda kucheka pale. Mimi siku hizi sicheki, kwa sababu hapo ndipo biashara nzima ya Killian ilipo wazi. Amejifunza kujua mtu anakosa nini. Mwenye kukosa mkono anampa mkono. Mwenye mtoto asiye na mguu anampa matumaini ya mguu. Mwenye arosto anampa cha kuituliza. Bei haitajwi siku hiyo.

Yeyote aliyekulia mtaa wenye pusha anaujua mwendo huo. Pusha hodari hamfuati kijana aliyeshiba, mwenye kazi na mchumba. Anamfuata aliyefukuzwa shule, aliyefiwa, anayelala nje. Anakuja na pole kwanza, kete inafuata baadaye.

Hata Killian mwenyewe, ukimrudisha mwaka 1999 kule Bern, alikuwa mtu wa kutembea kwa shida, mwenye wazo na asiye na wa kumsikiliza. Tony alimwambia amsubiri juu ya paa. Hakwenda. Sinema inataka tuone hapo ndipo uovu ulipozaliwa, na sikubaliani nayo kabisa, maana wapo wengi walioachwa kwenye mapaa ambao hawajamdhuru mtu. Ninachoshika ni kwamba muuzaji naye alianza akiwa mnunuzi. Extremis ilimnyoosha yeye kabla hajaiuza.

## Vivuli vitano

Rose Hill ni mahali pa baridi, usiku, na mtoto aitwaye Harley anamwonyesha Tony ukuta ambako Chad Davis alilipuka. Kuna vivuli vya watu vimeungua ukutani. Vitano. Waliokufa ni sita.

Mtoto anaeleza kama alivyosikia kwa watu wa mji: vivuli ni alama za roho zilizokwenda mbinguni. Chad hana kivuli kwa kuwa yeye alijilipua, akaenda motoni.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko mapigano yote ya mwisho. Mji mdogo umepata msiba, umetafuta wa kumlaumu, umempata, na umemhukumu mpaka akhera. Mama yake bado anaishi hapohapo. Anakwenda baa akiwa na faili mkononi, anakaa peke yake, akisubiri mtu aliyeahidi kuja kuongea naye.

Tony anakaa mbele yake na kumwambia kweli: mwanao hakujiua, hakuua mtu, walimtumia kama silaha.

Kwangu huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote ndani ya sinema ile, na Tony anaufanya akiwa na koti la kawaida, amechoka, deraya yake iko bandani imeharibika. Anampa mama jibu. Halafu Brandt anaingia, fujo inaanza, na mama Davis hatumwoni tena mpaka mwisho.

Mwishoni tunaonyeshwa Makamu wa Rais akikamatwa. Trevor akikamatwa. Harley anakuta banda lake limejazwa vifaa vipya. Tony anafanyiwa upasuaji wa kuondoa vipande vya chuma kifuani. Kila mtu anapata cha kwake. Hakuna anayerudi Rose Hill kusimama barazani na kutangaza kwamba waliokufa pale, wote sita, walikuwa wahanga.

## Amri kwa Jarvis

Sasa nije kwenye lililonikera hasa.

Kwenye meli ya mafuta ambako Tony anapambana na Killian, usiku wa mwisho, Tony anaita deraya zake zote. Zinashuka kutoka angani kwa makumi, hazina mtu ndani, zinaongozwa na Jarvis, kompyuta yake yenye akili. Ni picha nzuri, sikatai. Ukumbi mzima unapiga kelele. Amri anayoitoa ni kuwatafuta wenye joto la Extremis mwilini na kuwamaliza bila huruma.

Joto la mwili. Hicho ndicho kipimo.

Jarvis hawezi kuuliza huyu aliingiaje. Alikuwa na miguu alipokwenda vitani? Alisaini karatasi akijua kuna kulipuka, au aliambiwa ni tiba? Anaua kwa kupenda, au anaua kwa sababu anayempa dozi yake ndiye anayetoa amri? Sisemi wote walikuwa malaika. Savin aliifurahia kazi yake, inaonekana wazi. Ila sinema yenyewe ilikwisha kutuonyesha, nusu saa tu nyuma, kwamba hawa ni wagonjwa waliogeuzwa askari. Ikatuomba tulie na mama wa mmoja wao. Halafu ikatuomba tushangilie wenzake wakichinjwa na mashine zinazosoma joto.

Kisha inatokea ile ajabu. Pepper Potts, mpenzi wa Tony, ambaye Killian amemchoma Extremis kwa nguvu, anatoka kwenye moto akiwa hai. Anawaka. Na moja ya deraya inamwona na kumwelekea.

Tony anapiga kelele kwa Jarvis kwamba yule si wa kupigwa, aache.

Yule ana jina. Yule tunampenda. Deraya haikukosea chochote: ilipewa kipimo na Pepper alikitimiza, kama alivyokitimiza kila mtu mwingine aliyekwisha kuuawa juu ya meli ile. Tofauti ya Pepper na Brandt haikuwamo kwenye damu. Ilikuwa kwamba Pepper alikuwa na mtu wa kumwombea.

Na baadaye Tony anamtibu! Anasema ataitengeneza, na anaitengeneza. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kuitoa Extremis mwilini, au angalau kuituliza, na alihitaji muda na sababu tu. Sababu ilikuwa Pepper.

Nikirudisha mawazo kwa fundi kwenye benchi, swali langu ni hilo. Yeye angekuwa nani melini?

## Deraya nayo

Kwa siku kadhaa nilijiliwaza kwa jibu moja. Nilijiambia: angalau deraya inavuliwa. Nguvu ya chuma iko nje ya mwili, ukichoka unaitundika, na hakuna anayekumiliki. Dawa inaingia kwenye damu na mwenye dawa anaingia nayo. Hapo ndipo mstari ulipo kati ya Stark na Killian, na mstari huo ni safi.

Jibu hilo halikudumu. Sinema yenyewe inalikataa.

Tony wa sinema hii halali. Anashtuka, anakosa pumzi, moyo unamwenda mbio mtu akitaja tu New York, alikokaribia kufa katika sinema ya awali. Anachofanya ni kushuka chini na kutengeneza deraya nyingine, na nyingine, mpaka amefika ya 42. Pepper anazungumza naye akidhani yumo ndani ya deraya, kumbe ameituma peke yake, mwenyewe yuko karakana. Usiku deraya inakuja kitandani na kumkamata Pepper kwa sababu Tony ameota vibaya. Mtu anayehitaji kitu fulani ili aweze kupumua, anayekifanya kwa siri usiku, kinachomtisha aliyelala naye: mtaani tungemwitaje?

Kwa hiyo wale wawili wanaokabiliana juu ya meli ni watu wawili waliopata nguvu ya kuziba upungufu. Mmoja ana karakana, pesa na akili ya kujitengenezea mwenyewe. Wale walio nyuma ya mwingine hawakuwa na karakana.

Fundi seremala hana karakana ya Malibu kama ya Tony.

## Jela ya miezi sita

Nje ya sinema mambo hayaendi mbali na hapo. Kuna kampuni iliyoitwa BALCO, Burlingame, California, chini ya Victor Conte. Ilikuwa ikiwapa wanamichezo wakubwa dawa ambayo vipimo vya wakati ule havikuweza kuiona, mpaka mwaka 2003 kocha mmoja, Trevor Graham, alipopeleka bomba la sindano lenye mabaki yake kwa wakala wa kuzuia dawa michezoni wa Marekani, na maabara ya UCLA ikaitambua.

Conte alikiri mwaka 2005. Alihukumiwa miezi minne jela, na minne mingine kifungo cha nyumbani. Marion Jones, aliyekuwa mkimbiaji mkubwa wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, alirudisha medali zote tano, tatu za dhahabu na mbili za shaba. Mwaka 2008 akahukumiwa miezi sita, kwa kuwadanganya wapelelezi na kwa kesi nyingine ya hundi.

Simtetei. Alidanganya, na waliokimbia safi walinyang'anywa siku yao. Ila nimetazama miezi ile, minne na sita, nikakumbuka vivuli vya Rose Hill. Hata hapa jirani, Kenya imetunga sheria yake mwaka 2016 na kuanzisha ADAK, wakala wake wa kuzuia dawa michezoni, na kila mwanariadha anayefungiwa jina lake linafika duniani kote kabla ya jioni. Aliyemuuzia chupa, aliyemchoma, aliyemwambia wenzako wote wanatumia, mara nyingi unasoma habari mpaka mwisho na humkuti.

## Dirishani Muhimbili

Ndugu zangu wa Dar wanajua ninakoelekea. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza hamu ya heroini, kwa watu waliotekwa na heroini. Baadaye zikaja za Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani.

Utaratibu wake hauna mvuto wowote wa sinema. Mtu anafika asubuhi, anatajwa kwa jina, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka. Kesho tena. Dozi moja inamshika takribani siku nzima, arosto haimpigi, kwa hiyo siku yake haianzi kwa kutafuta pesa ya kete. Anaweza kwenda kazini. Anaweza kukaa na mama yake sebuleni.

Nilikuwa na jamaa wa karibu aliyepita kwenye dirisha lile, na sitasema zaidi ya hapo kwa sababu maisha ni yake. Nitasema nilichokiona kwa macho. Walikuwepo watu wa kumwuliza umelalaje. Polisi walikuwa na kazi yao, ya kuwasaka wauzaji, na naiunga mkono bila kusita. Mwenye kuingiza mzigo bandarini afungwe. Lakini kufungwa kwa muuzaji hakukumponya jamaa yangu hata siku moja. Wiki ambayo pusha wa mtaa alikamatwa ndiyo wiki aliyoumwa kuliko zote, mpaka akaenda kutafuta pusha wa mtaa wa pili.

Hicho ndicho sinema za mashujaa hazikionyeshi. Muuzaji anaanguka, muziki unapanda, tunatoka nje. Damu ya walionunua haijui kwamba sinema imeisha.

## Dola 99.99 kwa siku

Waandishi wa katuni wenyewe, nadhani, wamekuwa wakisumbuliwa na jambo hili kwa muda mrefu kuliko mimi. Extremis ilianza kwenye katuni ya Warren Ellis na Adi Granov, kati ya 2005 na 2006. Humo Tony anapigwa karibu kufa na mtu aliyechomwa dawa hiyo, na njia anayoona ya kumshinda ni kujichoma yeye mwenyewe. Anaibadilisha kwanza, halafu anaiingiza, mpaka sehemu ya deraya inaishi ndani ya mifupa yake. Na mwisho inajulikana kwamba Maya Hansen, mtafiti aliyeitengeneza, alihusika kuiachia itoke, ili fedha za utafiti wake zirudi.

Miaka michache baadaye, kuanzia mwishoni mwa 2014, Tom Taylor na mchoraji Yıldıray Çınar wakaenda hatua ya mbali zaidi. Tony wa kisa chao, akiwa amegeuzwa tabia kuwa mbaya, anawapa watu wa San Francisco Extremis kupitia programu ya simu. Uzuri, afya, mwili usio na kasoro. Bure. Mji mzima unampenda. Halafu muda wa bure unakwisha, na bei inatangazwa: dola 99.99 kwa siku.

Kwa siku! Watu wanaanza kuiba ili wabaki walivyokuwa jana.

Anayekwenda kumkabili ni Daredevil, mwanasheria asiyeona. Anamfuata kwenye jumba lake jipya kisiwani Alcatraz. Tony hapati shida kumshinda. Na ili kumthibitishia hoja yake, anamrudishia macho kwa Extremis, kwa muda.

Nilipofika ukurasa huo niliweka kitabu chini. Mtu mwenye deraya ndiye muuzaji sasa, na anazungumza na mwenye upungufu kwa lugha ileile ya Killian: nimeona unachokosa, tazama, ninacho. Hata anayekwenda kumzuia anaonjeshwa. Waandishi hawa hawakumfanya Tony kuwa mtu mwingine. Walichukua kitu kilichokuwa ndani yake tangu mwanzo, ile imani kwamba anajua watu wanahitaji nini na kwamba yeye ndiye wa kukishika, wakakitoa nje.

Kuna kisa ambacho ningependa mtu akiandike, hata hapa kwetu, hata kwa penseli. Kianze asubuhi baada ya ile meli kuungua. Killian amekufa. Wapo waliochomwa ambao hawakuwepo melini: mmoja yuko Tennessee, mmoja ni yule binti wa Makamu wa Rais aliyeahidiwa mguu, wengine wamejificha na miili inawapanda joto na hakuna wa kuwaambia dozi ijayo inatoka wapi. Tony ana dawa aliyomtibu nayo Pepper. Ataianzia kwa nani? Atawapataje watu ambao jana aliamuru wasakwe kwa joto lao? Nani atakubali kumfungulia mlango? Na wakikusanyika, naamini mama Davis anafaa kukaa kwenye meza ya mbele, na faili lake, akiandika majina.